Maisha ya Chengo wa Kinango, Mkalimani Asiyepunguza Neno

Alizaliwa Kinango mwaka 1968, kifungua mimba wa Mama Kadzo, na wanaosimulia husema hakulia mpaka jirani alipolia, ndipo naye akaitikia kwa sauti ile ile. Atakaye kuamini na aamini. Kiduruma alikinyonya kwa mamake, Kiswahili akakipata sokoni, Kiingereza akakiokota Diani, alikokuwa mkalimani wa wageni hotelini.

Huko ndiko majaribu yalikomkuta. Chengo aliamini kwamba neno la mtu ni amana: halipunguzwi, haliongezwi, wala halilainishwi. Basi mgeni mmoja alipomtukana mpishi huku akipiga meza, Chengo naye alimtukana mpishi kwa Kiswahili fasaha, na meza akaipiga, vikombe vikaruka. Lo! Jioni alikuwa kituo cha matatu cha Kona ya Musa na begi lake, kazi hana. Parokia ya nyumbani ikampokea awatafsirie mapadri wageni, naye akawafuata neno kwa neno na kitendo kwa kitendo: padri akikohoa, anakohoa; akilia, analia.

Lakini hata mtakatifu ana mwiba wake. Chengo na mdogo wake Mramba hawakuwa wakisalimiana tangu kiangazi kile Mramba alipouza fahali wa marehemu baba yao pasipo kuuliza. Mama Kadzo alizeeka akiomba jambo moja tu, awaone wanawe wakila sahani moja kabla hajafumba macho. Kila Jumapili Chengo alitafsiri msamaha wa Mungu, na wake mwenyewe ukamkaa kooni.

Alhamisi Kuu ya mwaka 2016, mama alimkokota Mramba kanisani, akamketisha benchi la mbele. Padri mgeni, asiyejua lolote, katika mahubiri ya kusameheana akashuka akampigia Mramba magoti, akasema kwa Kiingereza: "Ndugu yangu, nimekukosea. Nisamehe." Kisha akainuka kurudi altareni.

Mkubwa kumpigia mdogo magoti, wapi na wapi! Jasho lilimtoka Chengo, lakini kuacha neno hakupata kuacha maishani. Akapiga magoti, akayasema yote kwa Kiduruma, sauti ikimkatika.

Mramba akamwinamia. "Kaka, ni wewe usemaye, ama ni mgeni?"

"Mgeni amekwisha kusema," Chengo akajibu, asiondoke magotini.

Mramba akamwinua, wakakumbatiana. Mama Kadzo akapiga kigelegele katikati ya misa, padri akashtuka asijue amehubiri nini. Usiku ule walikula sahani moja, na mama akafariki mwaka uliofuata, ameridhika.

Chengo naye alifariki Januari 2024. Mazishini padri alisema sentensi mbili kwa Kiingereza, akageuka kwa mazoea kumtafuta mkalimani. Hapakuwa na mtu. Mramba, asiyejua Kiingereza hata cha kuombea maji, akasimama akatafsiri nusu saa nzima huku akilia, na Kinango yote ikamwelewa. Muujiza huo tunaushuhudia tuliokuwapo. Nasi tunaopeleka maneno mema ya watu kila siku, na tumwige Chengo: tuseme na la kwetu, tungali na wa kumwambia.