Grisi ya Havutwi

Shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa, alikuwa dereva wa pikapu ya bohari ya dawa, na watu walimwita Havutwi. Jina alijipa mwenyewe, likamkaa. Alikuwa akipeleka chanjo kwenye zahanati za milimani tangu mimi ni mtoto wa kaptura, na hakuna aliyewahi kuona gari lake limefungwa kamba likiburutwa kutoka kwenye matope. Nasema hivyo mimi fundi magari, niliyewavuta madereva wengi, baadhi yao wazuri kuliko yeye.

Siri yake ilikuwa habu. Habu ni kile kidude cha katikati ya gurudumu la mbele: ukikifunga, gurudumu linashikana na ekseli na linavuta, ukikifungua, linazunguka bure. Pikapu yake ya zamani ilikuwa na habu za kuzungusha kwa mkono. Akifika penye matope husimama, hushuka, hukunja suruali, huchuchumaa kushoto, kisha kulia, kisha hutangaza kwa sauti hata kama hana abiria: "Nimefunga!" Ikawa ndiyo tabia yake. Hata mlango wa nyumbani akiutia komeo usiku, lazima atangaze. Dada humjibu kutoka chumbani, "Tumesikia, baba watoto. Njoo ulale, humu hakuna matope."

Na kila Jumapili, wakati wenzake wamepumzika, yeye yuko uani kwa bohari na kopo lake la grisi, anazifungua habu na kuzishindilia. "Chuma ni kama mtoto," husema. "Akishiba, halii." Zile za zamani zilikuwa na roho ngumu, zikayavumilia mapenzi hayo.

Kisha ikaletwa pikapu mpya, ya kitufe. Dereva anabonyeza akiwa amekaa, hewa inanyonywa kwenye mrija mwembamba, habu zinajifunga zenyewe, taa ya kijani inawaka. Havutwi aliichukia tangu siku ya kwanza. Aliliita gari la wavaa soksi nyeupe. Lakini kulichukia hakukumzuia kulilisha. Nilimkuta Jumapili moja na kopo lake, nikamwambia, "Shemeji, hizi hazilishwi. Zinapakwa kidogo tu. Ukizijaza, ile hewa haina nguvu ya kusukuma grisi yote hiyo."

"Wewe fundi wa juzi ndiye wa kunifundisha grisi?"

Sikio la kufa halisikii dawa. Nikaondoka zangu.

Mvua ilipoanza alipanda mlimani na muuguzi mmoja na masanduku ya chanjo yenye barafu. Kwenye kona ya udongo mwekundu alibonyeza kitufe, taa ikawaka. Angekuwa na gari la zamani angeshuka akashika kwa mkono wake. Safari hii aliiamini taa, akaingia. Magurudumu ya nyuma yakachimba, ya mbele yakatulia kama wageni wasiotaka kusaidia kazi. Walikaa pale mpaka barafu ikawa maji. Kule juu akina mama walingoja, wakachoka, wakawafunga watoto mgongoni na kurudi makwao kwa miguu. Chanjo zote zilitupwa.

Aliyemtoa ni dereva wa trekta la samadi, na huyo mtu hana siri. Pikapu ilipofika mjini, jina jipya lilikwisha kufika: Kavutwa.

Sasa hapa ndipo ninapokasirika. Meneja wa bohari hakuwa mtu mbaya. Alimwita akamwambia, "Mzee, matope ni matope. Nitaandika kwamba barabara ilikatika, na wewe endelea na kazi yako." Yangeishia hapo. Dada alimshika mkono, akamsihi, "Nyamaza, baba watoto. Watu watasahau." Yeye akakataa. Hakutaka kazi, alitaka jina.

"Mimi sikushindwa na matope," alisema. "Kitufe ndicho kilichonidanganya. Zifungueni hizo habu uani, mbele ya watu wote!"

Alijipalia makaa mwenyewe. Na fundi aliyeitwa kuzifungua ni mimi.

Uani walijaa wapakiaji, makarani, yule muuguzi, hata mwenye trekta alikuja. Nililegeza bolti polepole kuliko ilivyohitajika, nikiomba nikute mrija umepasuka au mpira umetoboka. Mrija ulikuwa mzima, mpira mzima. Nilipokiondoa kifuniko, ndani kulijaa grisi tele, nzito, imeganda na vumbi kama ugali wa jana. Kile kidude cha kusogea kilikuwa kimezama humo, hakina pa kwenda. Ya upande wa pili vivyo hivyo.

Meneja akauliza, "Nani kaweka yote hii?"

Kila mtu pale alikuwa amemwona Jumapili na kopo lake. Havutwi akasogea, akachota kidogo kwa kidole, akaitazama.

"Ni yangu," akasema.

Nimeilaani taa ile mara nyingi. Nayo ni mwongo. Inawaka kwa kusikia kwamba kitufe kimebonyezwa, haiendi kuuliza gurudumu. Lakini nitamwambia nani? Uani waliona grisi, hawakuiona taa. Niliumia, na bado naumia, kwamba mtu aharibiwe na kile alichokifanya kwa mapenzi, tena kwa mkono wa shemeji yake.

Nilizisafisha habu kwa petroli, nikazipaka kidogo. Tangu hapo hazijakataa hata siku moja. Dereva mwingine anabonyeza kitufe, anapanda mlima, anashuka, pikapu haijavutwa. Havutwi walimwachia geti mpaka astaafu. Pikapu ikirudi na matope yake anafungua, inapita, anafunga.

Dada ananiambia kwamba usiku bado hulala macho chumbani akingoja lile neno, na jibu lake analo tayari mdomoni. Mlango unafungwa, komeo linalia, na mumewe anaingia kulala bila kusema kitu.