Mnyama wa Shingoni

Mtu akikata kamba za balo hapa sokoni Mbarara, mimi husogea nyuma kwanza. Balo ni lile furushi kubwa la mitumba, na likifunguliwa tu linatema harufu yake: dawa ya nondo, vumbi, na jasho la watu usiowajua. Wenzangu hukimbilia kuchagua. Mimi, mtu mzima mwenye watoto, nywele hunisimama. Mnicheke tu, ila mnisikilize kwanza.

Nilikuwa na miaka kama minane. Tulikaa Juru, ndani ya kambi ya wakimbizi ya Nakivale, mimi na mama peke yetu; baba tulimzika Kivu kabla ya kukimbia, na shangazi yangu alikaa upande mwingine wa kambi. Mama alilima maharage, na siku ya soko aliuza nguo alizozifuata Mbarara. Mitumba kwetu iliitwa nguo za wafu. Watu walisema hakuna Mzungu anayegawa koti zima akiwa hai, kwa hiyo kila nguo nzuri ilikuwa na mwenyewe aliye kaburini. Kila mtu alilisema hilo, na kila mtu alinunua. Mradi uifue kwa maji ya chumvi kabla ya kuivaa.

Siku moja asubuhi mama alifungua balo uani, mimi nikamsaidia kutoa nguo. Nikashika kitu laini, nikavuta. Ukatoka mkia. Nikavuta tena, ikatoka miguu minne mikavu yenye kucha, halafu kichwa. Kichwa kamili, jamani! Masikio, pua nyeusi, na macho mawili ya manjano yaliyonikodolea. Nikapiga yowe, nikaangukia ndoo ya maji. Mama akakiokota, akakigeuza. Tumboni kilishonewa kitambaa cha hariri, na chini ya taya kulikuwa na kibanio, ili mnyama aume mkia wake mwenyewe. Leo najua alikuwa mbweha, pambo ambalo mabibi wa Ulaya wa zamani walijizungushia shingoni wakienda kanisani na kwenye karamu. Siku ile nani angetuambia?

Mama akakitundika kwenye msumari ukutani. Nilikula nimekipa mgongo, nikihisi kinanihesabu mbavu. Mtungi wa maji ulikuwa chini yake, nikaona heri nikae na kiu.

Asubuhi hiyohiyo jirani yetu, Mama Riziki, alikuwa amekuja kutazama nguo, mtoto wake Riziki akiwa mgongoni. Mtoto alikiona kile kitu akalia mpaka sauti ikamkauka. Kufika alasiri akashikwa na degedege, wakamkimbiza kwa baiskeli hadi kituo cha afya. Basi! Jioni uani kwetu kulijaa watu.

"Mama Neema, ile nyama iko naangalia batoto yetu," alisema mwanaume mmoja. "Wewe ni mulozi. Utoke nayo, uende mbali."

Kwa Kiswahili cha kwetu Kivu nyama ni mnyama, na mulozi ni mchawi, neno ambalo nililijua kazi yake. Kulikuwa na mwanamke wa kijijini kwetu, kule Kivu, waliyemwita hivyo. Nyumba yake ikabomolewa mchana kweupe, akaondoka na sufuria kichwani, na hakuna aliyemuuliza anaenda wapi. Sisi je, tungeenda wapi? Tulishakimbia mara moja. Nilishika kitenge cha mama.

"Hii ni nguo," mama alisema. "Kesho mutaniona."

Kesho yake akaoga, akavaa blauzi ya kanisani, akakitoa kile kitu msumarini na kukizungusha shingoni. Kibanio kikauma mkia: tak! Akaenda kuketi mbele ya mlango wa Mama Riziki, fasi, yaani mahali, ambapo kila apitaye angemwona. Mimi nyuma yake, nalia kimyakimya.

"Iko mu shingo yangu," aliwaambia waliokusanyika. "Kama ni bulozi, ianze na mimi."

Jua likapanda. Jasho likamtiririka, manyoya yakamgandia shingoni, hakuyatoa. Watu walisimama mbali wakingoja aanguke. Mimi nilimtazama midomo tu. Kila ikitikisika nilidhani roho inatoka.

Mchana ile baiskeli ikarudi. Mama Riziki akashuka, mtoto mgongoni ananyonya kidole. Ilikuwa malaria, wamempa dawa. Akamtazama mama yangu, akamtazama yule mnyama, akaangua kicheko.

"Eh, Mama Neema! Na hii jua yote, uko navaa mbwa mu shingo?"

Watu wote wakacheka. Waliokuja kutufukuza walirudi makwao wakishika mbavu, na sisi tukabaki Juru. Jioni mama akakichoma kile kitu nyuma ya choo.

Mwaka jana, chumbani kwetu Biharwe, karibu na Mbarara, niliona kwenye simu picha ya zamani ya mabibi wa Kizungu, kila mmoja na mbweha wake shingoni. Nikamwonyesha mama huku nacheka. "Mama, kumbe ulijua ni nguo kweli!"

Akaitazama sana. "Nilijua nini, mwanangu? Nilijua nitakufa. Asubuhi ile, kungali giza, mbele uamuke, nilienda kwa shangazi yako. Nikamwambia, nikianguka leo, ukuje kumuchukua Neema."

Miaka yote nilidhani mwoga wa nyumba ile nilikuwa mimi, na kwamba mama alikaa juani kwa sababu hakuamini uchawi. Kumbe aliamini kuliko wote waliosimama pale. Alikifunga kile kibanio akijua kinamuua, akaketi akingoja, ili mimi nibaki na fasi ya kulala. Nikaiweka simu chini, nikamwambia asante.