Jezi za Makipa Waliofungwa

Marcellin, mtu wa Bukavu, mlinzi wa geti katika mtaa wa Observatory, alipanga chumba mtaa wa Yeoville ambacho ukutani kulikuwa na jezi za magolikipa tu. Si wa timu zinazoonyeshwa kwenye televisheni. Wale wa ligi za mitaani, ambao hata mama zao hawaji kuwatazama. Alizitaka zikiwa zimechezewa, na hakuzifua.

Ilianzia uwanja wa mtaa wa Bertrams, Jumapili moja, kipa aliyefungwa sita alipoivua jezi yake akaitupa kwenye pipa la takataka, wenzake wakimcheka. Marcellin aliiokota akamkimbilia.

"Kaa nayo," kijana alisema. "Sitaki hata kuiona."

Akakaa nayo. Tangu hapo, filimbi ya mwisho ikilia, alimwendea kipa aliyeshindwa, maana aliyeshinda hakuwa radhi kuivua yake.

Watu wa mpira nao wana macho. Mwanzoni walisema kipa akifungwa, Marcellin huchukua jezi. Baada ya muda wakasema Marcellin akichukua jezi, kipa hufungwa. Mtu mzima atakusanya matambara yenye jasho la watu kwa kazi gani, kama si ile?

Wiki ya fainali, Nassir, Mtanga mwenye spaza, kaduka ka mtaani, na mwenye timu, alimfuata getini.

"Kaka, jezi ya kipa wangu Vuai unayo?"

"Bado. Hajafungwa vya kutosha."

"Basi yake iache. Chukua ya wale wenzetu."

"Mimi sichukui mbele ya mechi. Haina maana."

Nassir aliinamisha kichwa, kama mtu anayepewa masharti. Hapo ndipo Marcellin alipong'amua anachodhaniwa.

"Eish, Nassir, mimi ni mtu wa kanisa."

"Hilo nalo linasaidia," Nassir alijibu, akaondoka ameridhika.

Siku ya fainali Vuai hakufungwa hata moja. Kipa wa upande wa pili alifungwa matatu, na alipomwona Marcellin anakuja, alitimua mbio na jezi mwilini. Marcellin alirudi Yeoville mikono mitupu.

Kesho yake Nassir alimletea zawadi: jezi ya Vuai, imekunjwa ndani ya nailoni, inanukia duka.

"Ameichezea?"

"Hata kidogo, kaka. Ile ya fainali tumeichoma, isije ikaangukia mkono mbaya."

Katika jezi zake zote Marcellin hakuwa na hata moja ya kipa aliyeshinda, na ile moja ambayo angeweza kuipata ilikuwa imekwisha kuwa majivu. Alishukuru, kwa kuwa alilelewa vizuri.

Jumapili iliyofuata aliivaa kwenda uwanjani. Walimpokea kwa heshima kubwa, wakamtafutia kiti kivulini, katikati kabisa ya uwanja, mbali na magoli yote mawili.