Mwalimu wa Hisabati Aliyeomba Radhi Mbele ya Kwaya Yake

Saa tisa na nusu alasiri, Jumanne ya mwisho ya Novemba. Wanakwaya wa kidato cha tatu wamepanga foleni mlangoni mwa darasa, kila mmoja na daftari la hisabati mkononi. Mwalimu Veneranda Komba amesimama kizingitini na kalamu nyekundu. Anakagua, anatia tiki, anapisha.

Binti mmoja anafika na ukurasa ulioishia katikati.

"Umekwama wapi?" anamuuliza.

"Hapa, mwalimu."

"Basi ingia. Leo tunaanzia hapo."

Mwezi Machi mwaka huu, binti huyo angerudishwa bwenini.

Veneranda ana miaka 41. Ni mzaliwa wa Mbinga, Ruvuma, na huu ni mwaka wake wa tisa katika shule hii ya sekondari iliyo kati ya Kigoma mjini na Ujiji. Ana vipindi 27 kwa wiki, na darasa lake dogo kuliko yote lina wanafunzi 78. Kwaya alikabidhiwa wiki ya pili baada ya kuripoti, walimu wenzake walipomsikia akiimba huku anafua.

Mwaka jana kwaya hiyo iliongoza mashindano ya mkoa. Mwaka huu ulianza na picha ya ushindi ukutani, kisha Machi yakatoka matokeo ya jaribio la kidato cha nne. Wanakwaya wa kidato hicho walikuwa 31. Katika hisabati, 22 kati yao walipata chini ya alama 30.

"Niliona aibu kubwa," anasema. "Watoto wale wale waliokuwa wakiimba vizuri kwa mkono wangu, walikuwa wakifeli kwa mkono wangu."

Mkuu wa shule, Mwalimu Gasper Bigirwa, alimwita ofisini asubuhi iliyofuata.

"Mwalimu Komba, wazazi hawakuwaleta watoto hapa waje kuimba," alimwambia. "Kwaya isimame."

"Mkuu, nipe mpaka mtihani wa majaribio, Agosti. Wasipopanda, nitaivunja mwenyewe."

Akapewa. Siku hiyo hiyo akatangaza sheria: kila zoezi la kwaya litatanguliwa na dakika arobaini za hisabati, na asiyeleta kazi iliyokamilika hataimba.

Aliyeanguka wa kwanza kwenye sheria hiyo alikuwa Kudra Mudathir, mwimbaji kiongozi. Kudra ametoka Kagunga, kijiji cha wavuvi kilicho kando ya ziwa karibu na mpaka wa Burundi, ambako mama yake huanika dagaa. Wiki mbili mfululizo alileta daftari jeupe. Akiulizwa sababu, alikuwa akiinamisha kichwa.

"Nilidhani ananidharau," Veneranda anakiri. "Nilijiambia, nikimwachia huyu kwa sababu ya sauti yake, sheria imekufa."

Mwezi Juni basi la shule liliondoka kwenda kwenye mashindano, Kudra akabaki bwenini. Kwaya iliyokuwa bingwa ikashika nafasi ya nne. Njia nzima ya kurudi hakuna aliyeimba. Walipofika, mwenyekiti wa kwaya, Bonifasi, alimfuata mwalimu pembeni.

"Mwalimu, samahani. Sheria umeilinda, lakini umewahi kumuuliza Kudra anashindwa nini?"

Swali hilo, anasema Veneranda, lilimkosesha raha kuliko ile nafasi ya nne. Kesho yake alimwita Kudra, akafunga daftari na kumsomea swali kwa Kiswahili: wavuvi watatu wamepata ndoo 96 za dagaa, wagawane kwa uwiano wa tatu, mbili na moja.

Kudra alitazama dirishani kidogo. "Arobaini na nane, thelathini na mbili, kumi na sita."

Hakuwa ameshika kalamu. Mwalimu akamfungulia daftari, akamwonyesha swali lenyewe lilivyoandikwa. Lilikuwa swali lile lile, kwa Kiingereza.

"Mwalimu, kugawa dagaa ninakujua tangu nyumbani," Kudra alisema. "Ni hili swali. Silijui linaniuliza nini."

Kudra alikulia kwenye Kiha, akasoma shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha kidato cha kwanza akakuta kila somo limegeuka Kiingereza, isipokuwa Kiswahili chenyewe. Miaka mitatu na nusu alikuwa akiona aibu kusema.

Jioni hiyo Veneranda alisimama mbele ya wanakwaya wote.

"Nilimwadhibu Kudra kwa kosa ambalo si lake," aliwaambia. "Ninamwomba radhi, na nyinyi pia. Nani mwingine anasoma swali asilielewe?"

Bonifasi akanyoosha mkono. Mpaka mwisho ilikuwa mikono kumi na saba.

Tangu siku hiyo, dakika kumi za kwanza hakuna kukokotoa. Mwanafunzi anasoma swali, anawaeleza wenzake kwa Kiswahili au Kiha linataka nini, ndipo kalamu zinashikwa. Maneno magumu yanaandikwa kwenye daftari moja kubwa kwa lugha zote tatu.

Agosti, waliopata chini ya 30 walibaki tisa. Kudra alitoka alama 12 akafika 38. Mkuu wa shule hakutoa hotuba. Alichukua ratiba ya ukutani akaandika kwa mkono wake: Jumanne na Alhamisi, Hisabati na Kwaya.

Oktoba, kwenye mahafali, Kudra aliongoza nyimbo zote tatu. Mama yake, Zuhura, alikuja kwa boti kutoka Kagunga. Alimshika mwalimu mikono yote miwili, akazungumza Kiha kwa muda mrefu. Veneranda aliambulia salamu tu.

"Miaka tisa niko Kigoma, na mama wa mwanafunzi wangu ananishukuru, mimi namtumbulia macho," anasema. "Nikajua na mimi nina daftari jeupe."

Novemba, Kudra alipotoka kwenye chumba cha mtihani wa taifa wa hisabati, mwalimu alikuwa nje akimsubiri.

"Nimejibu maswali kumi," Kudra alimwambia. "Manne nimeyaacha. Lakini nayajua yalikuwa yanauliza nini."

Matokeo yanatarajiwa Januari. Kudra anataka kusomea ualimu na kurudi kufundisha kwao.

Veneranda naye ana mpango wake. Daftari lile lina maneno 214, na upande wa Kiha una mapengo mengi. Likizo hii Mbinga itasubiri mpaka mwaka mpya. Jumatatu anapanda boti kwenda Kagunga, akakae wiki mbili kwa Mama Kudra.

"Nimemwambia asinihurumie," anasema. "Nikikosea, anirudishe mwanzo."