Mlango Usio na Komeo

Siku yetu ya mwisho ya kawaida kule Rwanda, mimi na dada yangu Dativa tulikuwa uani tukichambua maharage. Dativa alikuwa mtani. Alinicheka kwamba nachambua kama kuku, nachagua mabovu na kuacha mazima. Jirani yetu Gasipari akapita kuomba chumvi, akapewa, akashukuru.

Wiki haikuisha. Mauaji yalipofika kilimani kwetu tulijificha stoo, nyuma ya magunia ya mtama. Giza, joto, vumbi, na kukohoa ni kufa.

Kisha sauti ya Gasipari mlangoni. Nyuma yake, sauti nyingi.

"Dativa, fungua. Ni mimi."

Dativa alijua kwamba wasipompata wataingia wote. Alinikandamiza bega nisiinuke. Akatoka.

Akaufunga mlango nyuma yake.

Sikumwona tena.

Mwaka uliofuata nilikuwa Arusha, chumba cha kupanga Kaloleni, na kumbe nilikuwa bado stoo. Mlango haukuwa na komeo. Niliurudishia tu, nikakaa nyuma ya kitanda nikiusikiliza mchana kutwa.

Mama Eliakunda, Mchaga wa chumba cha pili aliyeuza mitumba karibu na uwanja wa mpira, alikuja kila jioni na bakuli la mtori, supu nzito ya ndizi na nyama.

"Hodi! Mwanangu, hodi!"

Mtu mlangoni, akijua nimo. Nilibana pumzi.

Alibisha mara tatu kama ilivyo desturi, kisha akasema, "Haya, nakuachia hapa. Ule ungali moto."

Nilimwogopa, halafu nikamchukia. Halafu, sijui lini, nikaanza kuisubiri hodi yake.

Jioni moja nilimjibu nikiwa ndani. "Shikamoo, mama. Huu mlango hauna komeo."

"Marahaba. Mbona najua?"

"Sasa kwa nini huusukumi?"

Alishangaa kweli. "Jamani! Niusukumeje, na wewe hujanikaribisha?"

Nililia kwa sauti, mara ya kwanza tangu stoo. Alisimama palepale nje, mtori ukipoa.

Miaka mingi imepita, na Dativa hajarudi. Hakuna jirani mwema wa kulifidia hilo, na anayeniambia yamepita simjibu. Ila jioni ile nilielewa kwamba dada aliufunga mlango ili nitoke hai, si ili nibaki humo.

"Karibu," nikasema.

"Nimeshakaribia, mwanangu," akajibu, akavua kandambili zake.