Mwenzangu Aliyebaki Ubelgiji

Ujana wangu wote nilipiga kasia nyuma ya mtu mmoja. Mashua yetu ilikuwa ya watu wawili, ndefu na nyembamba, mojawapo ya zile ambazo wazungu waliziacha kwenye kilabu cha ziwani pale Bukavu. Kila mmoja alishika makasia mawili. Katika mashua ya namna hiyo mnakaa mkiupa mgongo upande mnakokwenda, na mimi nilikaa nyuma yake, kwa hiyo kila asubuhi nilichokiona ni mabega yake, shingo yake, na kovu dogo chini ya kisogo. Akivuta, navuta. Hatukuhesabu kwa sauti. Akiwa amelala vibaya, nilijua kabla hajafungua mdomo.

Yeye alikuwa mwalimu wa sekondari, mimi nilifanya kazi ya forodha karibu na daraja la Ruzizi. Jumamosi, baada ya mazoezi, tulipanda pamoja mpaka nyumbani kwetu Kadutu, na mama alitupikia bugali na sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani. Huko ndiko alikofahamiana na mdogo wangu wa kike, aliyekuwa anasomea ualimu. Siku moja mdogo wangu alimwekea maji ya kunawa, akaona viganja vyake vilivyochunika kwa makasia.

"Na mikono hii, utashika mutoto namna gani?" akamuuliza.

"Utanifundisha," akajibu.

Mama alicheka mpaka akaegemea ukuta. Tangu siku ile mwenzangu aliacha kuniita kwa jina, akaniita shemeji.

Tulishinda Bujumbura, tukashinda tena, na Kinshasa wakatuita. Tulipewa fulana za kijani zenye mwenge wa Zaïre kifuani, na mwisho tukaambiwa tutakwenda Ubelgiji kupambana na mataifa mengine. Wakati huo ng'ombe wa mahari walikuwa wamekwisha fika kwa babu yetu, kule Walungu. Ndoa ilipangwa tukirudi. Mama alikwisha nunua vitambaa.

Ubelgiji maji yalikuwa ya mfereji, yamenyooka kama barabara, bila kilima wala kisiwa cha kukupumzisha jicho. Baridi iliingia mpaka kwenye meno. Tulipewa mashua ya kuazima. Tulivuta kwa nguvu zetu zote, lakini tulimaliza karibu wa mwisho. Nilipomwangalia, nilidhani nitamkuta na huzuni, lakini alikuwa anatazama nyumba za kando ya mfereji, ametulia kabisa.

Siku ya mwisho alikwenda mjini akarudi na viatu vyeupe vya bibi arusi, ndani ya karatasi laini.

"Weka mu valise yako, shemeji," alisema. "Yangu imejaa."

Niliviweka sandukuni, kati ya nguo zangu, visikunjike.

Asubuhi nilipoamka, kitanda chake kilikuwa kimetandikwa. Basi la kwenda uwanja wa ndege lilikuwa linangoja. Mkuu wa msafara, bwana mmoja aliyevaa abakosti, ile suti ya serikali isiyo na tai, hata katika baridi ile, aliniuliza mwenzangu yuko wapi. Nilijibu kwamba ameenda kununua mkate. Nilisema hivyo kwa sababu niliamini. Nilisimama mlangoni mwa basi, nikitazama kona ya barabara, mpaka dereva akawasha injini na mkuu wa msafara akanivuta ndani kwa mkono.

Kinshasa watu wa usalama waliniweka katika chumba. "Citoyen, ulijua?" Waliniuliza hivyo, wakiniita raia, kwa Kifaransa, kisha kwa Lingala. Sikujua. Tulikula sahani moja, tulilala chumba kimoja, na sikujua. Nafikiri mwishoni waliniamini kwa sababu ya sura yangu.

Nilipofika Kavumu, mdogo wangu na mama walikuwa pale uwanja wa ndege. Mdogo wangu alikuwa amevaa kitenge kipya. Alinikumbatia huku macho yake yakitazama nyuma yangu, kwenye ngazi ya ndege.

"Iko nyuma?"

"Hapana."

"Anakuya na ndege ingine?"

Niliweka mzigo wangu chini. Mama ndiye aliyeelewa kwanza. Alimshika mkono, akamwambia, "Twende, mwanangu. Twende nyumbani."

Jioni nilimpa vile viatu. Alikaa kitandani, akavifungua polepole.

"Alikuambia nini wakati alikupatia?"

"Alisema valise yake imejaa."

"Ni hivyo tu?"

"Ni hivyo tu."

Alivivaa. Vilimkaa vizuri, kana kwamba vilishonwa kwa mguu wake. Jumapili alikwenda navyo misa katedrali na kurudi kwa miguu, katikati ya watu waliokwisha sikia habari yote, bila kuinamisha kichwa. Baada ya hapo sikuviona tena. Baba wa mwenzangu alikuja kwetu, akakaa kwenye ukingo wa kiti, akasema wale ng'ombe wabaki, yeye hana uso wa kuwadai. Hakunywa hata maji.

Mimi nilipewa mwenzangu mwingine, kijana mwenye nguvu kuliko sisi wote. Lakini alipovuta, mikono yangu ilichelewa. Nilikuwa natazama shingo nisiyoijua. Bujumbura, mahali tulipokuwa tumezoea kushinda, tulifika wa mwisho. Nikaacha.

Miaka ilipita, na padri mmoja aliyetoka masomoni Ubelgiji akatutembelea. Kwa moyo mwema kabisa alitueleza kwamba amemwona mwenzangu. Ameoa, ana bibi kule, ana kazi. Jumapili bado anapiga kasia kwenye mfereji, yeye na rafiki yake, katika mashua ya watu wawili.

Mdogo wangu alikuwa anamimina chai. Hakumwaga hata tone. Padri alipoondoka, aliosha vikombe. Mimi nilitoka nje, nikasimama kwenye ukuta, mahali unapoona ziwa chini. Akanifuata.

"Unalia juu ya nini?"

"Silii."

"Ni juu ya ule mwenye kukaa fasi yako mu mashua," alisema.

Nilikuwa nimejiandaa kumfariji yeye. Tangu ile siku ya Kavumu, hakuna mtu aliyekuwa amenipa pole. Aliweka mkono begani mwangu, tukakaa hivyo mpaka mama alipotuita.

Baadaye sana aliolewa na mwanaume mmoja aliyefiwa na mke, muuguzi wa Walungu, mtu mpole anayesema kwa sauti ya chini. Siku ya arusi nilimsindikiza mdogo wangu mimi, katika gari la kuazima. Katikati ya safari aliomba dereva asimame. Alishuka, akasimama kando ya shamba la mihogo, shela lake amelishika mkononi lisiguse udongo. Nilimngoja mlangoni mwa gari. Baadaye alisema, "Sasa, twende."

Kanisani aliwachekea watu wote, na yule muuguzi alilia kwa furaha. Mimi nilikaa kiti cha mbele, upande wa jamaa. Tangu wimbo wa kuingia mpaka baraka ya mwisho, kila mara mlango ulipolia nyuma yetu, niligeuka kutazama nani anaingia.