Nilitakiwa Kuomba Radhi kwa Kusema "Kishairi"

Kutukanwa redioni nimezoea. Lakini kushtakiwa kwamba nimemtukana mtu kwa kumsifia, hiyo ilikuwa mpya.

Tusi lenyewe? Kishairi.

Subirini niwaeleze.

Mimi natangaza mpira redioni, mwanamke peke yangu pale. Kiti changu nilikigombania. Sikupewa kwa kuonewa huruma.

Jumamosi ile winga wetu wa kushoto alitumiwa mpira, mabeki wamemzunguka. Hakukimbia. Hakupiga chenga. Aliuacha upite katikati ya miguu yake, akageuka, akaugusa kwa kisigino. Mara moja tu. Mshambuliaji akaukuta mguuni.

Bao.

Uwanja ukapasuka.

Nikasema, "Pasi ya kishairi!"

Basi. Hilo ndilo kosa.

Tuliporudi studio, simu ya meneja wa vipindi ikalia. Akaweka sauti ya juu tusikie wote.

"Mimi ni baba mzazi wa winga!" Sauti nzito, inakwaruza kama ya mtu mwenye mafua. "Binti yenu kamdhalilisha mwanangu. Mwanangu anacheza mpira, yeye anamfanya mtu wa maneno maneno! Asipoomba radhi hewani, nakuja hapo na ukoo mzima."

Meneja alinitazama kama nimemwagia mitambo maji.

"Umesikia? Mara ngapi nimekuambia mambo ya kishairi peleka kwenye kadi za harusi? Wanaotusikiliza ni watu wa kawaida."

"Bosi, watu wa kawaida ndio wenye lugha. Mimi na wewe tumeazima tu kwao."

"Diploma isikupande kichwani. Jumatano, kwenye kipindi cha kabla ya mechi, unaomba radhi. Hutaki, kiti anachukua Radi."

Radi ni mtangazaji mwenzangu. Jina tulimpa kwa kelele zake. Kwake kila kitu ni "kombora". Hata mpira wa kurusha ni kombora.

Hapo hapo akaingia, anajifuta mikono.

"Nilikuwa msalani. Kuna nini jamani?"

Alipoelezwa, akatikisa kichwa. "Pole, dada. Omba radhi yaishe. Kiburi cha nini?"

Nyumbani nilimkuta mama, fundi cherehani, anapinda gauni la mteja.

"Kwani kuomba radhi kunatoa damu?" aliniuliza, pini zimejaa mdomoni.

"Mama, nikiomba radhi nimekubali kwamba hilo neno ni tusi. Kesho watafuta jingine. Mwisho tutabaki na kombora."

Mama alicheka mpaka ikabidi ateme pini.

Mdogo wangu akadakia, "Dada, mbona shuleni tunalisema? Jana mwalimu kapiga chafya, watu nyuma wakasema, 'Chafya ya kishairi!'"

Nililala usingizi mzito. Nilikuwa nimeshaamua.

Jumatano nikakaa kwenye kiti. Radi kando yangu, ameshavaa hedifoni, maikrofoni yake iko wazi, anasubiri nimalize achukue kazi. Meneja kasimama nyuma ya kioo na fundi mitambo.

"Wasikilizaji, nimeambiwa niwaombe radhi," nikaanza. "Siombi."

Meneja akaruka.

"Kishairi maana yake ni chenye uzuri wa shairi. Na shairi si wingi wa maneno. Ni maneno yaliyokaa mahali pake, ukisogeza moja umeharibu. Mama yangu akipinda gauni huoni uzi ulipopita. Hilo ni pindo la kishairi. Mtu akikuaga kwa neno moja, ukalibeba njia nzima, kakuaga kishairi. Yule kijana aliugusa mpira mara moja, ukatosha. Nilisema ni pasi ya kishairi, na leo narudia."

Meneja akapitisha kidole shingoni: nikatwe! Fundi mitambo hakukata. Alinionyesha simu. Kuna mtu yuko hewani.

"Dada, mimi ndiye winga mwenyewe."

Nikaisogelea maikrofoni.

"Tuko kambini tunakusikiliza. Wenzangu siku hizi wananiita Mshairi, na nalipenda hilo jina kuliko langu. Ila sijaelewa. Anayetaka uombe radhi ni nani?"

"Baba yako mzazi. Alitupigia Jumamosi."



"Dada, baba yangu alifariki nikiwa bado natambaa."

Nikageukia kioo kumtazama meneja.  

Fundi mitambo akamgeukia meneja. Kitufe chake cha kuongea nasi kilikuwa kimebonyezwa, tukamsikia kwenye hedifoni.

"Bosi, simu ya Jumamosi ilitoka humu humu ndani, studio ndogo. Niliiona taa yake ikiwaka. Nikajua mzee kaja mwenyewe, mmemkalisha huko."

Studio ndogo ipo mkabala na msala.

Niligeuka taratibu. Radi alikuwa ameloa jasho hadi kola.

"Ah, dada, ilikuwa utani tu," akasema. "Nilibana pua kidogo, basi..."

Alikuwa amesahau maikrofoni. Kila mwenye redio alimsikia.

Yeye ndiye aliyeomba radhi siku ile, tena hewani, tena bila kombora hata moja.

Baadaye meneja alinifuata kwenye korido, sauti imepoa. "Kiti ni chako. Lakini leo jioni usilitumie hilo neno, hali itulie."

"Bosi, nikiona kinachostahili, nitalisema. Nisipoona, silisemi. Hutanipangia."

Mechi ilikuwa mbovu jamani! Pasi zinakwenda kwa adui, kipa anateleza mwenyewe, sare tasa. Nilitangaza mwanzo hadi mwisho na neno lile halikunitoka, kwa sababu hakuna aliyelistahili.

Kwa hiyo wewe unayeambiwa kila siku "punguza, watu hawaelewi", dai uonyeshwe hao watu. Mara nyingi ni mtu mmoja tu, na anakitaka kiti chako.